Pakiti Iliyorudi Dukani

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Historia ya Mambo ya Kila Siku

Natumaini nyote mmefika salama, ninyi mliotoka shambani, ninyi mliotoka sokoni, na ninyi mliofunga duka mapema ili mlisikie somo hili. Kaeni vizuri. Wekeni daftari na kalamu karibu. Kama redio inakoroma, mwalimu wenu airekebishe sasa, maana tunaanza.

Leo tutasoma historia. Lakini hatutasoma historia ya vita wala ya wafalme. Tutasoma historia ya kitu ambacho kila mmoja wenu amekishika mkononi: pakiti ya chakula iliyofungwa. Tutauliza hivi: Mtu akinunua chakula, akakirudisha dukani kabla hajakifungua, chakula hicho huenda wapi?

Tuanze na mfano. Tuseme mama mmoja wa Ngaramtoni ameshuka mjini Arusha siku ya Jumamosi. Amenunua pakiti ya maziwa ya unga kwa ajili ya mtoto wake. Amefika nyumbani, amewasha taa, na kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wa darasa kama hili lenu, anasoma maandishi yaliyo kwenye pakiti. Anaona kwamba tarehe ya mwisho ya kutumia maziwa hayo ilipita mwezi uliopita. Hakuifungua pakiti. Jumatatu analipa nauli tena na kurudi dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mzee, nimerudisha maziwa haya. Sijayafungua."

"Mama, hukuona maneno yale pale ukutani?"

Ukutani pameandikwa hivi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Nimeyaona, mzee, na nimeyasoma. Na haya ya kwenye pakiti nimeyasoma pia."

Basi, ni maneno ya nani yatakayoshinda? Yale ya ukutani au yale ya kwenye pakiti? Wekeni swali hilo akilini. Ili tulijibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

CHAKULA CHA WAZI

Zamani, kabla ya duka kujengwa Arusha, watu wa Mlima Meru walikuwa na biashara yao. Wameru na Waarusha walilima migomba na nafaka mlimani, mahali penye maji. Wamaasai walichunga ng'ombe katika nchi kavu ya chini. Wanawake walikutana wakabadilishana: huyu ana ndizi na nafaka, yule ana maziwa na ngozi.

Angalieni jambo moja. Chakula chote hicho kilikuwa cha wazi. Mama aliyetaka maziwa alinusa kibuyu. Aliyetaka nafaka alitia mkono ndani akaona kama ina wadudu, akatafuna punje moja ili ajue kama imekauka. Hata leo, katika gulio la Tengeru au soko la Kilombero, hutaona mtu ananunua maharage bila kuyapitisha vidoleni. Jicho, pua na ulimi vilikuwa ndiyo sheria. Ukishakagua ukachukua, hasara ni yako. Kwa biashara ya namna hiyo, maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yalikuwa na haki ndani yake, maana mnunuzi aliona anachokinunua.

CHAKULA CHAFUNGWA

Mambo yalianza kubadilika mbali sana na hapa. Nchini Ufaransa palikuwa na mpishi jina lake Nicolas Appert. Yeye aligundua kwamba chakula kikitiwa katika chupa, kikazibwa vizuri, kisha chupa ikachemshwa, chakula hicho hukaa miezi mingi bila kuoza. Mwaka 1810 Serikali ya Ufaransa ilimpa zawadi ya faranga 12,000, kwa sababu ilitaka chakula cha askari na mabaharia. Mwaka huo huo, Uingereza, Peter Durand alipata hati ya kutumia vyombo vya bati. Hapo ndipo ulipozaliwa mkebe tunaoujua.

Mkebe ulifika kwetu pamoja na wageni. Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1899 na 1900. Jengo hilo bado lipo, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Karibu na boma, wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walifungua maduka. Mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza, reli kutoka Moshi ilifika Arusha. Tangu hapo mizigo ilikuja kwa wingi zaidi kutoka pwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi yetu nayo ikaanza kufunga chakula mikebeni: kampuni ya Tanganyika Packers, iliyoundwa mwaka 1947, ilitia nyama ya ng'ombe mikebeni huko Kawe, Dar es Salaam.

Mkebe ni kitu kizuri. Lakini ulimnyang'anya mnunuzi macho yake. Huwezi kunusa kilicho ndani ya bati, wala huwezi kutia mkono ndani ya pakiti iliyofungwa. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kumwamini mtu asiyemjua, aliyekifunga chakula hicho mahali asipopajua.

Je, wauzaji wote walistahili kuaminiwa? La. Huko Uingereza, katika karne ya 19, wenye maduka wengi walichanganya unga na chokaa ili uzito uongezeke. Ndiyo maana mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walichanga fedha wakafungua duka lao wenyewe. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa, bila kuchanganya kitu na kwa kipimo cha haki. Hilo ndilo duka linalohesabiwa kuwa chanzo cha vyama vya ushirika vya siku hizi. Kumbe ushirika wa duka ulizaliwa kwa sababu watu walichoka kuuziwa chakula kibaya.

(Hapa mwalimu asimamishe somo kwa dakika mbili. Awaulize wanafunzi: Ni nani kati yenu amepata kununua chakula kilichofungwa akakuta ndani kimeharibika? Alifanya nini?)

SHERIA YAJA

Haya, tuendelee. Mwaka 1893 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uuzaji wa Mali. Mwaka 1931 sheria ya namna hiyo ikawekwa hapa Tanganyika. Ipo mpaka leo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, na namba yake ni Sura ya 214.

Sheria hiyo yasema nini? Kwa maneno mepesi yasema hivi: Mtu ambaye kazi yake ni kuuza kitu fulani, akikuuzia kitu hicho, ni kama amekuahidi kwamba kinafaa, hata kama hakufungua kinywa kusema hivyo. Kisha yaongeza: ukiwa umekikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamika baadaye kwa kasoro ambayo ungeiona wakati ule.

Mnaona tofauti? Maharage ya sokoni umeyakagua. Mkebe hukuweza kuukagua ndani. Kwa hiyo kasoro iliyofichika ndani ya mkebe haiwezi kuhesabiwa kuwa kosa la macho yako.

Mwaka 1909 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikata shauri la namna hiyo. Mtu mmoja alinunua samaki wa mkebe dukani. Yeye na mkewe walikula, wakaugua, na mke akafa. Muuzaji alitakiwa kumlipa mume fidia. Mwenye duka hukosi kujiuliza: "Mimi nami sikuona ndani ya mkebe, kosa langu ni nini?" Jibu la sheria ni kwamba wewe ndiwe uliyepokea fedha na kumpa mnunuzi ahadi, nawe unaweza kumdai aliyekuuzia. Kwa njia hiyo hasara hurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwa aliyeufunga mkebe.

Lakini tusidanganyane. Sheria haisemi kwamba kila kitu chaweza kurudishwa. Ukinunua pakiti nzima ya biskuti, ukafika nyumbani ukaona kwamba ungependa sukari, hilo ni shauri lako. Mwenye duka akikubali kubadilisha, amefanya wema. Akikataa, hakuvunja sheria.

DUKA LA USHIRIKA NA DUKA LA UMMA

Baada ya Uhuru, Serikali ilitaka biashara iwe mikononi mwa wananchi. Mwaka 1962 kiliundwa chombo cha ushirika kilichoitwa COSATA, ili kipeleke bidhaa kwenye maduka ya ushirika. Hakikudumu miaka mingi. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na siku chache baadaye makampuni makubwa ya biashara ya nje na vinu vya kusaga nafaka vikawa mali ya umma. Liliundwa Shirika la Biashara la Taifa, na mwaka 1968 likafuata Shirika la Taifa la Usagishaji. Baadaye kila mkoa ulipata kampuni yake ya biashara, na Arusha nao ulipata yake. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa, na mahali pake pakawekwa maduka ya ushirika.

Nia ilikuwa kumwondolea mwananchi unyonyaji. Lakini bidhaa zikaadimika, hasa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wazee mlio darasani mnaikumbuka foleni. Mtu alisimama tangu alfajiri akangojea kilo mbili za sukari au za unga. Je, mtu huyo, akikuta unga una wadudu, angeurudisha? Angeurudisha kwa nani, na apewe nini badala yake? Aliupepeta akaula. Hapa tunapata fundisho: haki ya kurudisha chakula kibaya haina nguvu mahali ambapo hakuna chakula kingine cha kuchukua.

Mwaka 1983 Serikali iliwasaka walioficha bidhaa, walioitwa wahujumu uchumi. Baadhi ya wenye mali waliogopa, wakatupa mali zao usiku. Vyakula vilivyofungwa, ambavyo havikuwa na kasoro yo yote, vikapotea wakati watu wana njaa. Mwaka 1984 milango ya biashara ya nje ilianza kulegezwa, na polepole maduka yakajaa tena.

TAREHE NA MUHURI

Wakati huo huo, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika pasipo kelele. Mwaka 1963 Umoja wa Mataifa, kwa kupitia mashirika yake ya chakula na ya afya, ulianza kuandaa viwango vya chakula vya dunia nzima, viitwavyo Codex. Tanzania ilitunga sheria ya Shirika la Viwango, yaani TBS, mwaka 1975. Mwaka huo huo palifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, na watu wazima walikusanyika katika vikundi wakasikiliza kama mnavyosikiliza ninyi. Mwaka 1978 ikaja sheria ya kusimamia ubora wa chakula. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Ushindani, ambayo pamoja na mambo mengine humlinda mlaji. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko chini ya TBS.

Sasa mnaelewa kwa nini tarehe na muhuri viko kwenye pakiti. Vimewekwa pale mahali pa macho, pua na ulimi ambavyo mkebe ulituondolea. Asiyejua kusoma amenyang'anywa macho mara mbili. Lakini ninyi mnajua kusoma, kwa hiyo macho yenu yamerudi.

PAKITI HUENDA WAPI?

Sasa turudi kwa mama wa Ngaramtoni. Mzee wa duka amepokea pakiti. Zipo njia nne zilizo mbele yake.

Njia ya kwanza ni kuirudisha rafuni. Hiyo ni halali ikiwa chakula ni kikavu, muhuri haujaguswa, pakiti haijatoboka wala kulowa, na tarehe bado. Lakini angalieni: pakiti isiyofunguliwa si lazima iwe salama. Maziwa mabichi au nyama ya barafu iliyokaa nusu siku juani haifai kurudi rafuni, hata kama haikufunguliwa. Pakiti ya unga iliyowekwa karibu na mafuta ya taa hunywa harufu yake. Na mkebe uliovimba ni hatari kabisa. Uvimbe huo mara nyingi ni hewa inayotolewa na vijidudu vilivyo hai ndani, na baadhi yao hutoa sumu inayoweza kumwua mtu. Mkebe wa namna hiyo usiufungue, usiuonje.

Njia ya pili ni kuirudisha kwa wakala. Mwenye duka huiweka kando, huandika idadi na sababu, na gari la wakala likija huionyesha. Wakala mwema hubadilisha, au hupunguza deni. Wakala mgumu hukataa, na hapo hasara humwangukia mwenye duka mdogo. Ndiyo maana wenye maduka wengi huandika yale maneno ya ukutani. Si wote walio na roho mbaya. Wengi wanaogopa kubaki na mzigo peke yao.

Njia ya tatu ni kuiteketeza. Chakula kilichopita tarehe au kilichoharibika hutengwa, wakaguzi wa TBS au maafisa afya huarifiwa, nacho huharibiwa mbele yao. Kisitupwe ovyo jalalani, maana maskini hukiokota akakila, au mtu mwenye tamaa hukiokota akakiuza.

Njia ya nne ni njia mbaya. Mwenye duka hufuta tarehe na kugonga nyingine. Au hufungua pakiti na kupima kilichomo katika vifuko vidogo visivyo na maandishi, akawauzia watu wenye shilingi chache. Hiyo ni kosa la jinai. Na tazameni ni nani anayeumia: mtu maskini kuliko wote, anayenunua kidogo kidogo, ambaye hakupewa hata tarehe ya kusoma.

Basi, jibu la swali letu ni hili. Maneno ya ukutani yanaweza kumzuia mtu aliyebadili nia tu. Hayawezi kuhalalisha kuuza chakula kilichopita tarehe. Mama alikuwa na haki ya kurudishiwa fedha zake. Na kwa kurudisha pakiti badala ya kuitupa kimya kimya, ameyaondoa maziwa yale mahali ambapo mama mwingine, asiyejua kusoma, angeyanunua.

MAGUNIA YA NAMANGA

Jambo hili si la pakiti moja tu. Machi 2021, Kenya ilitangaza kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie nchini humo, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye ukungu wa nafaka. Malori yenye magunia yaliyoshonwa yalikwama mpakani Namanga, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kutoka Arusha. Baada ya siku chache amri ililegezwa kwa masharti: kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Wakulima na wenye malori walipata hasara, nao walinung'unika. Lakini sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya kati ya nchi yetu. Haionekani, na kupika hakuiondoi. Gunia lililoshonwa ni kama mkebe: jicho halioni ndani. Ulinzi ni kukausha nafaka juu ya turubai badala ya udongo, kutenga punje zenye ukungu, na kupima kabla ya safari. Kuzuia huko shambani kwagharimu kidogo kuliko kurudishwa mpakani.

NCHI NYINGINE

Nchi zenye maduka makubwa zina tatizo la upande wa pili: chakula kizuri hutupwa kwa wingi. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, John van Hengel wa mji wa Phoenix, Marekani, alianzisha ghala la kukusanya chakula kizuri ambacho maduka hayakuweza kukiuza, ili wagawiwe wenye shida. Mwaka 2016 Ufaransa ilitunga sheria inayokataza maduka makubwa kuharibu makusudi chakula kinachofaa kuliwa. Hutakiwa kufanya mapatano na vyama vya hisani. Sisi nasi tuna vituo vya watoto yatima na wagonjwa. Pakiti iliyobonyea kidogo, ambayo tarehe yake bado na muhuri wake ni mzima, yaweza kuwalisha. Iliyopita tarehe ya usalama tusimpelekee yatima. Hisani haifanywi kwa sumu.

MAMBO YA KUFANYA

Soma tarehe kabla ya kulipa. Tazama muhuri, na ubonyeze mkebe kwa kidole. Dai risiti, uitunze. Ukiona kasoro, usifungue. Rudisha upesi, na useme kwa adabu. Ukikataliwa, mwone afisa afya wa kata yako, au ofisi ya TBS. Nawe mwenye duka, tenga sanduku moja la vitu vilivyorudishwa, uandike juu yake: HAIUZWI.

MANENO YA KUJIFUNZA

Muhuri: kifungio kinachoonyesha kwamba kitu hakijafunguliwa.
Wakala: mtu anayewauzia wenye maduka kwa niaba ya kiwanda.
Fidia: malipo anayopewa mtu aliyetiwa hasarani.
Shehena: mzigo wa safari.
Sumukuvu: sumu ya ukungu wa nafaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mnunuzi wa maharage ya wazi na mnunuzi wa mkebe hawana haki sawa mbele ya sheria?
2. Taja njia nne ambazo pakiti iliyorudishwa yaweza kupita. Ni zipi zilizo halali?
3. Ni nani abebe hasara ya chakula kilichoharibikia dukani: mnunuzi, mwenye duka, wakala au kiwanda? Toa sababu.
4. Kazi ya nyumbani: leta darasani pakiti moja tupu. Soma na kunakili kila neno lililoandikwa juu yake.

Wanafunzi wapenzi, muda wetu umekwisha. Jumamosi mtakapokwenda sokoni, fanyeni zoezi hili: kabla ya kutoa fedha, geuzeni pakiti nyuma na kusoma. Mwenye duka akiwauliza mnatafuta nini, mwambieni mnafanya kazi ya darasani. Kwa herini, mpaka somo lijalo.